Kwa nini jeshi lililoshindwa kwenye gemu za vita linaondoka bila kulipa chochote?

MzeeWaRamani (mwanzilishi wa uzi)

Wasee, habari za jioni. Nina lalamiko la siku nyingi na leo limenifika kooni.

Nacheza Europa Universalis IV (EU IV), gemu ya kutawala nchi kwenye ramani ya dunia, nimeshika Hungaria. Mturuki kaja na jeshi lake lote, nikamsubiri milimani, akashambulia kwa kupanda, nikampiga hadi ari yake, yaani moyo wa kupigana, ikaisha. Skrini ikaniandikia ushindi. Halafu? Jeshi lile lile likageuka, likafunga safari ya Anatolia, na njiani likakatiza majimbo mawili ambayo nimesimamisha majeshi yangu mengine. Likapita tu. Askari wangu wanalitazama kama abiria wa stejini wanavyotazama matatu iliyojaa. Baada ya miezi michache limejaza watu, ari imerudi juu, liko mpakani tena na mizinga yake yote. Hata mmoja haukukwama matopeni.

Historia haiko hivyo. Katika vita vya kale watu hawakufa sana wakiwa wamekabiliana ngao kwa ngao. Walikufa walipogeuza migongo. Hao hao Wahungaria, pale Mohi mwaka 1241, walizingirwa kambini na Wamongolia, kisha Wamongolia wakawaachia mwanya makusudi. Watu wakaona njia, wakatoka mbio, mistari ikavunjika, wapanda farasi wakawaandama na kuwamaliza barabarani. Kama wangebaki wamezibwa pande zote wangepigana hadi mtu wa mwisho.

Sasa nauliza: ni gemu gani inayojua kwamba kukimbia kuna gharama? Na tafadhali, sitaki jibu la "yote ni mchezo tu".

Kijana_wa_Donholm

Yote ni mchezo tu 😂

Kijana_wa_Donholm

Haya, natania. Lakini buda, wewe hukucheza Europa Universalis III? Unampiga mtu, anakimbilia jimbo la jirani. Unamfuata, unampiga, anahamia la tatu. Unamfuata tena. Jeshi la watu elfu mbili hivi linakuzungusha nusu ya Ufaransa huku nchi yako inaungua nyuma. Huu mtindo wa jeshi kukimbia mbali bila kuguswa uliletwa kututoa kwenye adha hiyo. Mimi nauchukua huu kuliko ule.

DadaMbinu

Mzee, tulia kwanza. Jeshi likiishiwa ari kabla ya siku ya 12 na wewe una watu mara mbili yake, haliendi popote, linafutwa lote. Ukilivamia ukiwa mara 10 yake halipigani hata. Kwa hiyo ushindi wa vita vya mwezi mzima si wa kujisifia. Shinda haraka.

Na likishatimka, libonyeze uone linaelekea jimbo gani. Tuma jeshi la pili lenye ari nzuri likalikute huko. Linapofika bado liko hoi, na hapo siku zile 12 zinakufanyia kazi wewe. Kitakachokukwamisha ni ngome za njiani, hazikuruhusu kupita ovyo. Ndiyo maana mimi huanza kuzingira ngome ya mpakani kabla hata sijamtafuta Mturuki mwenyewe.

MzeeWaRamani

Dada, shukrani, lakini hesabu hizo ndizo zinanikera. Ama jeshi linafutwa lote, ama waliobaki wanaondoka salama na kila kitu chao. Katikati hakuna kitu. Hakuna siku ambayo gemu inaniuliza: unaacha nani, unaacha nini?

Kimya_Mingi

Jaribu Crusader Kings III, ya mwaka 2020. Pale vita vina sehemu mbili. Mkiwa mnapigana, wengi wanaoondolewa mstarini hawafi, wanatimka tu. Upande mmoja ukivunjika ndipo mafukuzano yanaanza, na humo ndimo hao waliotimka wanauawa au wanapona. Kila aina ya askari ina namba ya kufukuza na namba ya kukinga. Wapanda farasi wepesi ni hatari sana kwenye kufukuza. Askari wepesi wa miguu wanawakinga wenzao wanaokimbia. Ukijaza jeshi wazito wa deraya peke yake utashinda, na mwaka ujao utakutana na watu wale wale.

MzeeWaRamani

Nimeicheza. Wameifikiria, nakubali. Lakini namba hizo unazipanga ukiwa nyumbani kabla ya vita. Siku yenyewe ni kukunja mikono na kutazama.

LapuDhaifu

Samahani kuingilia. Mimi nina lapu ya mtumba kutoka Luthuli, kadi ya picha haina, feni inalia kuliko kinyozi wa jirani. Kuna gemu yoyote kati ya hizi itafunguka au nisome tu mnavyobishana?

FundiMsimbo

LapuDhaifu, chukua Mount & Blade: Warband. Ni ya 2010, haina makuu, na kwa bahati ndiyo jibu langu kwa Mzee pia.

Mimi huandika gemu ndogo ndogo usiku baada ya kazi, kwa hiyo niwaambie upande wa jikoni. Watengenezaji wanajua historia vizuri. Tatizo ni sisi wachezaji. Mchezaji akiona vita vinaenda vibaya hatoi amri ya kurudi nyuma. Anafungua faili aliyohifadhi kabla ya vita na kuanza upya. Unaweza kutumia miezi kujenga mfumo mzuri wa kujiondoa vitani na asilimia kubwa ya watu wasiuone kamwe.

Upande wa pili ni kompyuta yenyewe. Kuifundisha kwamba vita hivi vimeshapotea ni hesabu rahisi: wangapi wao, wangapi wetu, ari ikoje. Kuifundisha pa kukimbilia si kazi kubwa pia. Lakini kuifundisha ithamini kile itakachokiacha, kwamba mizinga hii ni bora kuliko kikosi hiki, kwamba daraja hili likipotea leo kesho hatuna jiji, hapo ndipo pagumu. Kwa hiyo wanakata mzizi wa fitina: ari ikifika sifuri, jeshi linaondoka lenyewe, hakuna wa kuulizwa. Ni uamuzi wa mtu aliyechoka, lakini si uamuzi wa mjinga.

Warband inakwepa yote hayo kwa kukufanya wewe uwe mmoja wa wanaokimbia. Una watu wako arobaini hivi, umekutana na bwana mkubwa mwenye mia mbili. Moja ya chaguo unazopewa ni kujiondoa huku ukiwaacha baadhi ya askari nyuma wakufunike. Ukibonyeza, unaondoka. Kisha unafungua orodha ya kikosi na kuangalia nani hayupo. Wengine uliwatoa kijijini wakiwa wakulima, ukawapandisha daraja moja baada ya jingine, ukawanunulia chakula kila mji. Hakuna muziki wa huzuni, hakuna filamu. Ni namba tu imepungua kwenye orodha, na bado inauma.

LapuDhaifu

Asante sana Fundi. Imeanza kupakua. Stima zikikaa mpaka saa sita nitakuwa nimepata.

Kijana_wa_Donholm

Mbona hakuna anayetaja Total War? Kikosi kikivunjika kinainua bendera nyeupe na kukimbilia ukingo wa ramani, na jemadari akiwa karibu anaweza kuwakusanya warudi. Kwenye Medieval II ukiwakamata wanaokimbia wanakuwa mateka: uwauze kwa fidia, uwaachie, au uwaue, na sifa ya jemadari wako inafuata ulichochagua. Hiyo si gharama?

Na kwenye ramani kubwa, jeshi likishambuliwa linaruhusiwa kurudi nyuma mara moja. Mshambuliaji akiwa bado na hatua za kutembea akilifikia tena, ni kupigana tu. Mimi naona ni sheria safi kabisa.

DadaMbinu

Safi mpaka uone watu wanavyoitumia. Unalisukuma jeshi la adui kwa jeshi dogo, linarudi nyuma, linaangukia mbele ya jeshi kubwa ulilolificha, na sasa halina ruhusa ya kukimbia. Mimi siiti hiyo vita, naiita kupanga viti.

Kijana_wa_Donholm

Inaitwa akili, dada.

Mtu_wa_Reli

Hearts of Iron IV (HOI IV), gemu ya Vita vya Pili vya Dunia, nayo isisahaulike. Ndiyo gemu pekee hapa ambayo njia ya kurudi ni kila kitu. Divisheni ikiishiwa na mpangilio (namba ya uwezo wake wa kuendelea kupigana) inarudi jimbo la nyuma, na kama majimbo yote yanayoizunguka ni ya adui, imekwisha, watu na vifaa vyote. Ndiyo maana mchezaji mzoefu hahangaiki kuua. Anatafuta kufunga mduara.

Ila hata humo kuna uongo mmoja mtamu. Dunkirk mwaka 1940 waliokolewa zaidi ya watu 338,000, lakini karibu mizinga na magari yote mazito yalibaki ufukweni Ufaransa. Kwenye gemu ukipata bandari na meli unaipakia divisheni, inashuka upande wa pili na bunduki, malori na vifaru vyake. Hakuna mtu aliyeambiwa ateremke, achague kati ya lori na nafsi yake.

Omari_Tanga

Wakuu, salaam kutoka Tanga. Nasoma huku nacheka peke yangu. Mnatafuta mfano hadi Hungaria, na mfano mkubwa wa jeshi linalorudi nyuma ulipita kwetu, Afrika Mashariki.

Vita vya Kwanza vya Dunia, jemadari wa Wajerumani Paul von Lettow-Vorbeck alishinda hapa Tanga Novemba 1914. Lakini kuanzia Machi 1916, Smuts, jemadari wa upande wa Waingereza, alipoingia kwa nguvu upande wa Kilimanjaro, kazi ya Mjerumani ilikuwa moja tu: kurudi nyuma. Reli ya Usambara ikaenda, reli ya kati ikaenda, Dar es Salaam ikaenda Septemba. Kila Smuts alipojaribu kuzunguka amfungie njia, alikuta kambi tupu, na mbele yake kikosi kidogo cha nyuma chenye bunduki za mashine kikimchelewesha wakati kundi kubwa linaondoka.

Mzee alisema mizinga ya Mturuki haikukwama matopeni. Sikilizeni hii. Manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliharibiwa kwenye delta ya Rufiji Julai 1915. Wajerumani wakaitoa mizinga yake 10 majini, wakaifungia magurudumu, wakaivuta nchi kavu kwa mikono ya watu. Katika kurudi nyuma huko ikapotea mmoja mmoja: mwingine ulilipuliwa na wenyewe kwa kuwa hauvutiki tena, mwingine ulitekwa. Ukienda Mombasa utauona mmoja Fort Jesus. Kila mzinga ulioachwa ni siku ambayo mtu aliamua kwamba miguu ya askari ina thamani kuliko chuma kile.

Kisha vita vya Mahiwa, Oktoba 1917. Akasimama akapigana. Waingereza wakapoteza zaidi ya watu 2,000, yeye akapoteza wachache kuliko hao, ila yeye hakuwa na wa kuwafidia na risasi zilikuwa zimekaribia kwisha. Akashinda, na baada ya kushinda akaondoka. Gemu gani itakuandikia hivyo? Mwezi uliofuata akachagua wenye afya, kama 2,000 hivi, wagonjwa na majeruhi akawaacha wachukuliwe na Waingereza, akavuka Ruvuma. Kikosi cha Tafel, ofisa wake, kilichokuwa kinakuja kuungana naye, kikaishiwa chakula kikajisalimisha. Yeye akajipatia riziki Ngomano kwa kuwapiga Wareno na kuchukua ghala lao. Akazunguka hadi tarehe 25 Novemba 1918, akaweka silaha chini Abercorn, leo Mbala, Zambia. Vita vya Ulaya vilikuwa vimekwisha wiki mbili nyuma.

Kwa sheria ya mduara ya HOI, huyu angefutwa mwaka 1916.

Kariokor_Halisi

Omari, umeandika vizuri lakini umepita juu ya vichwa vya waliobeba.

Nimekulia hatua chache kutoka soko la Kariokor, mahali palipobaki na jina la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, kama ilivyo Kariakoo ya huko kwenu Dar. Pale Kenyatta Avenue kwenye sanamu za askari, mmoja wa wale watatu ni mpagazi. Watu wanampita kila siku wakielekea kazini.

Smuts hakukwamishwa na bunduki za mashine peke yake. Mbung'o waliua farasi na nyumbu wake, mvua zikakata barabara, ikabaki kila gunia la unga lisafiri juu ya kichwa cha mtu. Na mtu huyo naye anakula. Ukisonga mbele mno, mzigo unaliwa na wabebaji kabla haujamfikia askari. Hapo ndipo anayefukuza anaanza kufa kuliko anayefukuzwa. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, na wengi wao walichukuliwa kwa nguvu. Upande wa Lettow vijiji vilipokonywa chakula na vijana, kisha jeshi likaondoka na kuwaachia wenyeji njaa. Askari wake walikuwa na nani wa kuwapikia na kuwabebea? Wake zao, watoto, wapagazi. Msafara mzima ulikuwa unarudi nyuma pamoja nao.

Kwa hiyo mkijadili gharama ya kukimbia, wekeni na gharama ya kufukuza. Na wekeni ya yule ambaye shamba lake liko katikati.

DadaMbinu

Kariokor, hapo umenipata. EU IV ina kitufe cha kuchoma ardhi yako mwenyewe ili anayekufuata akose chakula. Kimekuwepo miaka yote na sijawahi kuona mtu wa genge letu akikibonyeza, kwa sababu jeshi linaloondoka salama halina haja ya kuchoma chochote nyuma yake. Mzee kumbe ana hoja.

MzeeWaRamani

Naomba sentensi hiyo ya mwisho ibandikwe juu ya uzi.

Habeshi_wa_Isli

Na mimi nitie langu. Adwa, Ethiopia, tarehe 1 Machi 1896. Waitaliano waliingia na mizinga 56 na wakaiacha yote. Lakini kilichomuua jenerali wao Dabormida hakikuwa mizinga. Brigedi yake ilikuwa mbali na wengine, ikajikuta kwenye bonde jembamba, na wapanda farasi wa Waoromo chini ya Ras Mikael wakaimalizia humo. Jeshi halikosi ushujaa, linakosa njia. Kwenye gemu jeshi lililovunjika linajua ramani nzima hata kama linapita nchi ambayo halijawahi kukanyaga. Nipeni gemu ambayo jeshi linalokimbia linaweza kupotea. Likate kona mbaya, liingie bonde lisilo na upande wa pili.

FundiMsimbo

Hiyo naweza kuiandika. Uwezekano wa kupotea uongezeke kama ni usiku, kama huna wenyeji upande wako, kama jemadari kafa. Nimeinakili kwenye daftari, nisije kusikia imeibwa.

Kijana_wa_Donholm

Wazee wa historia, tumewasikia. Sasa Jumamosi tunacheza au tunafanya mtihani? Maana tuko watu sita tayari.

MzeeWaRamani

Tunacheza, EU IV, na napendekeza sheria ya nyumbani. Ukishindwa na ari yako ikaisha, jeshi likishafika lilikokimbilia unafuta nusu ya vikosi vya mizinga kwa mkono wako. Ukitaka kuiokoa mizinga, unafuta vikosi vya miguu mara mbili ya idadi hiyo: hao ndio waliobaki nyuma kukufunika. Lakini anayetoa amri ya kurudi nyuma mwenyewe, kabla ari haijaisha, hafuti kitu.

Kijana_wa_Donholm

Mtu atang'ang'ania mpaka ari ibaki unyoya ndipo abonyeze.

DadaMbinu

Basi iwe chini ya robo unalipa, juu ya robo unaondoka bure. Kila mtu apige picha ya skrini akibonyeza. Nitakuwa refa, na refa pia anacheza, kwa hiyo msiniletee maneno ya upendeleo nikiwa nimeshika Venice.

FundiMsimbo

Ongeza hili: anayefukuza akiingia jimbo lililochomwa asilipe chochote kwa mkono, gemu yenyewe itamla kwa uchovu wa njia. Kariokor ataridhika kidogo.

Kariokor_Halisi

Kidogo.

Omari_Tanga

Niunganisheni, intaneti ya huku siku hizi inasukuma. Nashika Kilwa. Msinicheke, nina bahari.

Mtu_wa_Reli

Ufaransa yangu. Tunaanza saa ngapi?

MzeeWaRamani

Saa mbili usiku. Mwenye jenereta au inveta aseme mapema tumfanye mwenyeji wa mchezo.

Habeshi_wa_Isli

Mimi Ethiopia. Gemu inaanza 1444, mizinga sina hata mmoja, kwa hiyo sheria yenu hainihusu. Nitakimbia ninavyotaka.

DadaMbinu

Mpaka teknolojia ya jeshi ya 7, ndugu yangu. Ukinunua wa kwanza tu, nakuja na daftari.